Pua ya Hoja

Jumatatu, 8 Julai 2024. Rwamgasa.
Hoja amenusa dhahabu. Naandika haraka kabla mtaa haujajua. Asubuhi nzima mbwa wangu amesimama nyuma ya choo, shingo ameinyoosha mbele, viwiko amevitanua, anavuta hewa kwa nguvu. Nimemwita kwenye ugali, hakuja. Mbwa anayekataa ugali ana sababu kubwa. Nimesoma vitabu vingi vya wataalamu wa miamba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikiliza mbwa. Nitawaandikia makala ya kuwaumbua.

Mke wangu, Mama Festo, ameuliza kama mbwa haumwi. Nimemjibu kwamba kila mgunduzi alibezwa hivyo hivyo. Amesema basi mgunduzi ajichotee mwenyewe maji ya kuoga.

Jumanne, 9 Julai.
Nimechimba hadi kiunoni. Hakuna kitu. Hoja amehamia kwenye mwarobaini, maana yake mwamba umepinda. Nimeanza duara, yaani shimo, la pili. Mbwa halali kabisa. Akijaribu kulala anainuka tena. Bidii kama hiyo sijaiona katika ofisi yoyote ya umma.

Jirani yangu Maganga, mwenye karasha ya kusaga mawe, amechungulia juu ya uzio. Huyu nimemwandikia barua tatu kuhusu vumbi lake. Zote kali, hajajibu hata moja. Ameniuliza, "Mwalimu, unamchimbia nani kaburi?" Nikamwambia nauchimbia ujinga wake. Akacheka hadi akakohoa, kisha akasema mbwa wangu anapumua kama karasha iliyoishiwa dizeli. Wivu.

Jumatano, 10 Julai.
Naandika nikiwa Geita mjini.

Saa nne asubuhi tumbo la Hoja lilikuwa linapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Nikahesabu pumzi: hamsini na nane kwa dakika, naye amesimama tu kivulini. Nikaziandika ukutani kwa mkaa, kama kipimo cha ukaribu wa dhahabu. Halafu nikachukua chupa nimnyweshe maji kwa nguvu, apate kuendelea na kazi.

Loveness, afisa mifugo wa kata, alikuwa anapita kwenda kuchanja ng'ombe. Sauti ya Hoja aliisikia kutoka barabarani. Alinipa shikamoo huku ananinyang'anya chupa. Akasema maji yakiingia mapafuni, yale mashimo nitayapatia kazi leo leo. Akamfungua mkanda wa shingoni, akainua mdomo. Fizi zilizokuwa za waridi zimekuwa za bluu. Akaeleza kwamba mbwa mzima aliyetulia hapumui zaidi ya mara thelathini kwa dakika. Shingo mbele, viwiko nje, kukataa kulala: huyo ni mnyama anayetafuta hewa.

Nilifungua mdomo kupinga. Nikaziona zile fizi. Nikakimbilia kwa Maganga.

Kliniki ya mifugo iko huku mjini, na mimi sina hata baiskeli. Maganga alizima karasha, wachimbaji wamepanga foleni na viroba vyao vya mawe, akaleta pikapu yake. Loveness akaagiza madirisha yawe wazi, mbwa asilazwe chali, asibanwe mdomo, asikumbatiwe, akae anavyotaka mwenyewe. Njiani nikaanza kueleza nadharia yangu. Maganga akasema, "Mwalimu, leo usihutubie. Hiyo hewa anaihitaji mbwa."

Alhamisi, 11 Julai.
Hoja yu hai. Nimonia. Wamemwekea oksijeni na kumchoma sindano. Daktari amesema tungechelewa hadi jioni tungeleta mzoga.

Nimelia kwenye benchi mbele za watu. Maganga amenipa leso yake, imejaa vumbi la karasha, nami nimepangusia macho. Daktari ameonya mbwa asikae karibu na vumbi. Maganga ameahidi kuyamwagia mawe maji kabla ya kuyasaga. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu barua ya kwanza. Amesema ilikuwa na kurasa kumi na moja.

Jumapili, 14 Julai.
Tumerudi nyumbani. Hoja amelala ubavu, anakoroma kidogo, amekula ugali. Nimemhesabu: ishirini na mbili. Fizi za waridi. Kwenye misa nimemshukuru Mungu kwa majina: Loveness, daktari, hata Maganga. Mama Festo ametaka nifukie mashimo. Nimefukia moja.

Siku nzima najiuliza nitamlipa nini Maganga. Mtu aliyezima karasha kwa ajili ya mbwa wa adui yake halipwi kwa maneno, na mimi mali yangu ni maneno.

Saa kumi jibu limekuja lenyewe. Nimechungulia juu ya uzio. Beberu wa Maganga amesimama pale pale tangu asubuhi, shingo mbele, mdomo wazi, majani hayataki.

Bwana yule ana dhahabu uani kwake na hajui. Nimechukua sururu. Nakwenda kumchimbia.