Ombi la Kurudisha Vita Alivyopigana Mume Wangu

Kwa Mkurugenzi wa Misaada ya Wanafunzi,
Chuo cha Larkmoor, Georgia.

Mheshimiwa Bwana Ames,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mezani kwangu hapa Hinesville, baada ya kumwomba Mungu anipunguzie hasira. Amenipunguzia kiasi. Iliyobaki nimeona si vibaya tukigawana.

Mimi ni mama yake Jolisa Gadsden. Mwezi wa nne mlimwandikia barua nzuri kabisa, kwamba mmempokea kusomea uuguzi na kwamba chuo, kwa moyo wake mkunjufu, kitampa ruzuku ya kuziba pengo lote la ada. Barua ile niliisoma kanisani Jumapili mbele ya watu. Dada Odessa Pinkney, mkuu wa jiko letu la kanisa, alilia mpaka miwani ikamdondokea kwenye sahani ya sadaka.

Mwezi wa sita mkaandika nyingine. Mlikuwa mmegundua kwamba baba yake, Cleveland, ni mwanajeshi mstaafu, na kwamba alimwachia binti yake ile haki ya masomo ambayo serikali humpa mtu aliyelitumikia jeshi. Kwa hiyo, mkasema, Jolisa ana chanzo kingine cha msaada. Ruzuku mkaikata, mkabakiza kijipande. Haki ya baba yake haitoshi ada yenu, na hilo mnalijua, kwa kuwa ada mliipanga wenyewe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hilo neno msaada. Cleve alilitumikia jeshi miaka kumi na miwili, akaenda Iraki mara mbili. Safari ya pili kitu kililipuka kando ya barabara, na sikio lake la kulia likabaki kule. Tangu siku hiyo mezani kwetu kila neno husemwa mara mbili, hata sala ya chakula. Sasa naomba unieleze, katika jambo hilo nani alimsaidia nani? Serikali yenyewe iliyompeleka, inapopima msaada wake kwa wanafunzi, haiihesabu haki hii. Nilimwambia hivyo binti wenu wa dirishani, Kaylee. Akanijibu kwa adabu, "Mama, hiyo ni sheria ya serikali. Ruzuku hii ni fedha ya chuo, na chuo kina sheria yake." Nikamwuliza, "Na roho je, mwanangu, chuo kinayo ya kwake au nayo ni ya serikali?" Akatazama kompyuta kana kwamba jibu lingetokea pale.

2. Samaki. Kina mama wa kanisa letu walikaanga kambare Jumamosi tatu mfululizo, pamoja na vitumbua vya unga wa mahindi, ili Jolisa apate vitabu na sare ya uuguzi. Hundi ya kanisa ilipofika kwenu, mkakata kiasi kilekile kwenye kile kijipande cha ruzuku kilichokuwa kimebaki. Nilipompa Dada Odessa habari hizi alikuwa ameshika mwiko, nikasogea nyuma kidogo.

"Verlene," akasema, "ina maana nimesimama kwenye mafuta ya moto kutwa nzima kwa ajili ya chuo chenye uwanja wa mpira wenye taa?"

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Basi mwambie huyo bwana aje na aproni yake. Aliyekula atakuja kuchuna kambare."

Nimeahidi kukufikishia. Huwa tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kisu tutakupa.

3. La tatu nimelifuta. Mchungaji alilisoma akaniomba.

4. Kwa kuwa mnataka kujua vyanzo vyote vya msaada, nami ni Mkristo sipendi kuficha, natangaza na hivi. Mama mkwe wangu humwombea Jolisa kila alfajiri, na si maombi ya juujuu. Jirani yetu Bwana Tuten amempa friji dogo lenye rafu moja. Wifi yangu humsuka nywele bila malipo, na wewe mwenyewe wajua bei ya saluni siku hizi. Tafadhali mkate panapostahili. Ikiwa maombi hamyahesabu kuwa ni kitu, naomba niandikiwe hivyo kwa barua yenye mhuri, ili bibi wa watu aendelee kulala.

5. Kuna kijana mtaani kwetu anaitwa Brantley. Baba yake hajawahi kwenda mbali kuliko Savannah, na Brantley amepata ruzuku yenu nzima. Simwonei wivu, ndiye anayetukatia majani. Nasema tu kwamba baba yake alitumia akili. Nilimwambia hivyo Kaylee, naye kwa wema wake akanifungulia kanuni akanisomea. Kumbe Jolisa angekuwa ametumikia jeshi yeye mwenyewe, angehesabiwa kuwa anajitegemea, na uwezo wa wazazi wake usingetazamwa. Na kama baba yake angefia kazini kule, kuna mlango mwingine wa msaada ungemfungukia. Nikaenda hadi kwenye gari ndipo nikaelewa. Kosa la mume wangu ni kurudi.

Nilipofika nyumbani nilikaa upande wake wa kushoto, nikamsimulia yote aliyonisomea Kaylee, kisha nikamwuliza, "Cleve, kwa nini ulirudi?"

"Ndege ilikuwa inakuja huku."

"Hukufikiria ruzuku ya mtoto?"

"Ungeniambia mapema, mke wangu. Ningechelewa kidogo."

Tulicheka wote wawili. Halafu chakula chake hakukimaliza.

6. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jolisa alikuwa kwenye ngazi akisikia. Siku ya pili nikakuta kadi ya afisa wa kuandikisha watu jeshini imebandikwa kwenye friji letu, chini ya sumaku ya kanisa. Nikamwita.

"Hii nini?"

"Miaka minne tu, Mama. Nikitoka nitahesabiwa."

"Utahesabiwa na nani?"

"Na wote. Na chuo pia."

Baba yake aliisoma ile kadi akiwa ametupa mgongo. Akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi kabatini. Bwana Ames, nilishamtoa mume wangu kwa vita, nikarudishiwa na sikio moja pungufu, nikashukuru. Sina mtoto wa kutoa ili hesabu za Larkmoor zikae sawa.

Kwa sababu hizo zote, ombi langu ni moja. Naomba mpokee vita alivyopigana mume wangu, tuvirudishe. Vimetumika lakini viko kamili. Cleve ataleta viatu, nishani, na ile tabia ya kuamka kukagua makomeo ya milango. Nanyi mtaturudishia sikio, Krismasi mbili alizokosa, na jino la kwanza la Jolisa, ambalo baba yake aliliona kwenye picha. Mkishapokea, mwandikeni Jolisa kuwa ni mtoto wa mtu ambaye hakwenda popote, mumpe ruzuku yake kama Brantley. Naomba jibu kabla ya Ijumaa, kwani Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi yake kwenu, na ndiyo siku aliyoambiwa aende kutia sahihi kwa yule afisa.

Nisalimie Kaylee, ana mama aliyemlea vizuri. Msalimie mkuu wa chuo, na wahasibu wote, na anayewasha taa za uwanja. Dada Odessa anasalimu, na kisu ameshakinoa.

Ni mimi, niliye katika Bwana, ambaye hakati baraka moja kwa kuwa ametoa nyingine,

Verlene Gadsden (Bi.)

Nyongeza: Vita msivipokee. Bahasha ilikuwa bado wazi Cleve alipoisoma barua hii. Akavaa kofia yake, akaendesha gari hadi Larkmoor, akategesha sikio la kushoto dirishani. Kaylee alimwambia polepole kwamba aliyeitoa haki ile anaweza pia kuichukua tena, na kwamba kwa sheria yenu, mwanafunzi asiye na haki hiyo hupewa ruzuku nzima. Cleve ameandika kuichukua yote, nakala mnayo. Jolisa sasa hana chochote kutoka kwa baba yake, Bwana asifiwe, na mtampa kama mlivyoahidi mwezi wa nne. Nafasi yake ameithibitisha leo. Kadi ya yule afisa imeondoka kwenye friji, sijauliza imekwenda wapi. Kwa hiyo yote niliyoyasema juu, kwamba haki ile si msaada, yafute. Imemsaidia sana kwa kuondoka. Barua naituma hivyohivyo maana nilishaiandika vizuri.

Vita tunabaki navyo kwa kuwa Cleve anavitumia. Amejiandikisha hapo chuoni kwenu, masomo mawili tu, kiasi ambacho haki yake inatosha kulipia. Anasoma historia. Anasema angependa kujua walimpeleka kule kwa nini. Tafadhali mkalisheni upande wa kulia wa darasa, ili sikio zima limwelekee mwalimu, na mwalimu akishasema, arudie.