Nzi wa Asilimia Sitini na Tatu

Injinia alipofungua ubavu wa kompyuta ya mama mwenye steshenari na kuona memori mbili zimelala ndani kama mapacha, alijua siku imeanza vizuri. Memori ni vile vibao vyembamba vinavyoipa mashine wepesi, na mashine ile ingeweza kuishi na kimoja. Viwili ni anasa, na anasa humharibu mtu. Ni wajibu wa jirani mwema kumpunguzia.

"Kuna nini humo?" mama aliuliza kutoka kwenye fotokopi, bila kugeuka.

"Vumbi, shangazi. Nashangaa ilikuwa inapumuaje."

Wanawake wote wenye mashine mbovu aliwaita shangazi. "Mama" aliliona la kawaida mno, na "dada" lingeleta maswali, lakini "shangazi" lilikuwa na heshima na ukaribu kwa pamoja, tena lilikuwa la bure. Akapuliza vumbi kwa mdomo, akakohoa kitaalamu, na memori moja ikahamia mfuko wa shati.

Tuseme ukweli mapema, msomaji asije akajiona na yeye katapeliwa: Injinia hakuwa injinia. Jina alijipa mwenyewe, akalichapisha kwenye kadi, na watu, kwa ule moyo wao mzuri wa kuamini chochote kilichochapishwa, wakalipokea. Kazi yake ilikuwa kupiga windo. Kompyuta ikizeeka, ikaanza kuwaka kwa kunung'unika na kuzimika bila kuaga, fundi hufuta vyote vilivyomo na kuiwekea mfumo mpya, nayo hurudi ujanani. Mafundi wa kweli huifanya kazi hiyo huku wakinywa soda. Injinia hakuwahi kuifanya hata mara moja. Alichokuwa nacho ni flashi, na ndani ya flashi, filamu.

Filamu hiyo aliipiga kwa simu, akiwa amesimama nyuma ya fundi mmoja wa kweli: kioo cha bluu, mstari mweupe unaojaa kidogo kidogo, na asilimia zinazopanda bila haraka. Ilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Injinia huichomeka flashi, huitandaza filamu kioo kizima, kisha hukaa akikunja mikono na kukunja uso. Ikiisha, hufuta takataka mbili tatu na kubadilisha picha ya mbele, akaweka mlima wenye theluji. Mteja akiuona mlima hujua kweli mfumo ni mpya, na hulipa. Watu wanapenda milima.

Sasa, mtu wa namna hii naye hupenda, na Injinia alikuwa amependa vibaya sana. Alikwenda kuweka mlima kwenye kompyuta ya zahanati, na muuguzi mmoja akamuuliza, "Kama umefuta kila kitu, mbona faili zangu za zamani bado zipo?" Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la maana namna ile. Akamjibu, "Nilizihifadhi kwa ajili yako," na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwa muuguzi. Baba yake, mpima ardhi mstaafu, alikuwa na kompyuta kongwe ambayo alicheza nayo drafti kila jioni, na siku hizi mashine ilikuwa inafikiri sana kabla ya kusogeza kete, hata mzee akaanza kuamini inamfanyia hila. Aliposikia binti ana mchumba injinia, alisema neno moja tu: "Aje Jumamosi alasiri aipige windo mashine yangu, nione kwa macho yangu. Ikiamka, tutazungumza habari za posa. Isipoamka, atuachie binti yetu."

"Baba si tatizo," muuguzi alimwambia Injinia. "Muogope shangazi."

"Mashangazi nawaweza," alijibu, na hakuuliza zaidi.

Ndiyo maana memori ile mfukoni ilimpasha joto kifuani. Filamu ingempa mzee cha kuona, na memori ingeipa mashine mbio za kweli. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, mteja angepata kitu. Hilo lilimsumbua kidogo, lakini mapenzi yana gharama zake.

Akafunga ubavu, akawasha, akachomeka flashi, akaanzisha filamu. "Shangazi, mfumo ukiwa unaingia, mashine haiguswi wala haitikiswi. Anayeigusa, kosa ni lake."

"Nimesikia," mama alisema, akaendelea kunakili mitihani ya shule. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na wateja walimwogopa kiasi cha kupanga foleni hata wakiwa wawili. "Ila ufanye haraka. Leo nafunga mapema, nina kikao nyumbani."

"Na mimi nina kikao, shangazi."

"Basi wote tuna bahati."

Mstari ukapanda. Ulipofika asilimia sitini na tatu, nzi alitua katikati ya kioo.

Nzi huyu Injinia alimjua. Siku ile ya kupiga filamu alitua kwenye kioo cha yule fundi wa kweli, akasugua mikono, akatembea hadi kwenye namba tatu, akaruka. Injinia hakuwa na ujuzi wa kumwondoa. Kwa kawaida humziba kwa bega, lakini leo mama alikuwa amekuja na kitambaa kabla bega halijafika. Akafuta. Akaondoa kitambaa, na nzi yupo, anasugua mikono.

"Huyu vipi?"

"Hiyo ni alama, shangazi," Injinia alisema kwa upole wa mwalimu. "Mfumo ukikuta uchafu ndani ya mashine, unaonyesha nzi. Akiruka, ujue uchafu umetoka."

Nzi akaruka.

"Umetoka," mama alisema taratibu.

"Umetoka."

"Kweli dunia imeendelea." Akarudi kwenye fotokopi. Injinia alimhurumia kidogo, kama wataalamu wanavyowahurumia wasiosoma, akatoka kwenda kujinunulia soda. Alikaa huko muda mrefu, maana muuzaji soda alikuwa na shida na kompyuta yake. Aliporudi filamu ilikuwa imekwisha, akaweka mlima, akapokea nusu ya malipo. Nusu nyingine, mama alisema, watamalizana wakionana.

Alasiri ya Jumamosi hiyo hiyo Injinia alikuwa amevaa shati la mikono mirefu katika sebule ya mzee. Kompyuta ilikuwa pembeni, na kioo chake, cha zamani chenye kisogo kikubwa nyuma, kilikaa juu ya kistuli chenye mguu mmoja mfupi uliotegeshwa karatasi. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Injinia alipomwona anavyomtazama baba yake, akaelewa kwamba na yeye anaogopa. Alitaka sana kufaulu. Ila hakuwa na mazoea ya kutaka kitu na kukistahili kwa pamoja.

Memori iliingia bila ubishi. Mashine ikaamka upesi kuliko ilivyowahi kuamka, na nyusi za mzee zikapanda. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini mzee alisema, "Sasa nione huo mfumo ukiingia," na Injinia akachomeka flashi. Akasema maneno yake yale yale: haiguswi, haitikiswi, anayeigusa kosa ni lake. Mzee akaitikia kwa kichwa kwa uzito wote.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mzee akipepesa macho, Injinia angebonyeza kitufe na kumruka nzi. Lakini mpima ardhi ni mtu aliyetumia maisha yake kukodolea kitu kidogo kilicho mbali, na mzee huyu hakupepesa. Asilimia hamsini. Hamsini na tano. Shati la mikono mirefu likaanza kushika mgongo.

"Hodi humu," sauti ilisema mlangoni.

"Karibu. Shikamoo, shangazi," muuguzi alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Miwani ilikuwa ile ile, na kamba ile ile. Injinia alisimama, akabaki na tabasamu ambalo halikujua liende wapi.

"Na wewe hunisalimii?" shangazi alimuuliza. "Asubuhi si nilikuwa shangazi yako?"

"Mnafahamiana?" mzee aliuliza, macho yakiwa kwenye kioo.

"Kidogo, kaka. Ni kijana mwenye adabu. Alianza kuniita shangazi kabla hata ya kuleta posa." Akatazama asilimia, akatazama saa ya ukutani. "Injinia, hebu njoo unipokee mzigo hapa ukumbini."

Ukumbini hapakuwa na mzigo.

"Nzi ameshafika?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nzi gani, shangazi?"

"Usinichoshe. Umekwenda na memori yangu ukaniachia mlima. Ulipokwenda kunywa soda nilirudisha ile filamu nyuma, nikamwangalia nzi wako tena na tena. Nzi mzuri. Anatua, ananawa, anaondoka. Halafu nikainakili."

"Umeinakili?"

"Kijana, kunakili ndiyo kazi yangu."

Injinia, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia hata mbele ya askari, alitazama sakafu. "Ukimwambia mzee, nimemkosa binti," alisema. "Nakuomba. Nampenda kweli. Hilo si filamu."

Shangazi alimpima juu hadi chini. "Najua. Na yeye anakupenda, sijui kwa nini. Ni muuguzi, amezoea kuona mabaya." Akavua miwani, akaifuta. "Sitamvunja moyo mtoto wa kaka yangu. Memori iache humo humo, kaka amekuwa akiniomba ile, utaninunulia nyingine. Ile nusu ya malipo usahau. Na kila Jumamosi utakuja dukani kubana mitihani kwa stepla. Bila mshahara."

"Mpaka lini?"

"Mkwe haulizi mpaka lini."

Hapo ndipo kikasikika kishindo sebuleni. Kwanza kofi kali, kisha jingine, kisha mwanguko mzito.

Walimkuta mzee amesimama, kandambili mkononi. Kistuli kilikuwa kimelala ubavu. Kioo kilikuwa chini, kimepasuka, na kisogo kimeelekea dirishani. Muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nzi," mzee alisema. "Alitua. Nikampiga, akawa ananawa mikono. Nikasema huyu ananidharau. Nikampiga tena."

Shangazi alimtazama Injinia. Injinia akaitazama maiti ya kioo, na kipaji chake, kilichokuwa kimezimia ukumbini, kikaamka.

"Ilikuwa imefika ngapi, mzee?" aliuliza kwa unyonge.

"Sitini na tatu."

Injinia akatikisa kichwa kama daktari anayetoka kwa mgonjwa. "Ilikuwa inakwenda vizuri sana."

Mzee alikuwa mtu mwaminifu, maskini, na watu waaminifu ndio wenye hasara duniani. Alirudi kitini polepole. "Uliniambia isiguswe," alisema. "Uliniambia wazi, na mimi nimeigusa. Kazi ilikuwa njema, niliiona mwenyewe ikiamka. Kosa ni langu." Akavaa kandambili yake. "Waambie wazee wako waje. Ile habari nyingine tuizungumze."

Muuguzi alimwangalia Injinia kwa muda, ule mtazamo wake wa faili za zamani. Hakuuliza. Injinia aliona aibu, aibu ya kweli kabisa, na ikamshangaza kwamba inakaa mahali pale pale panapokaa furaha. Nyuma yake shangazi alikohoa kidogo, kukumbusha kwamba yupo na ataendelea kuwapo.

Walioana. Mzee alipata kioo kingine, na drafti sasa anashinda, maana mashine inacheza haraka na vibaya. Na mlangoni pa steshenari pameandikwa kwa wino mwekundu HAPA TUNAPIGA WINDO. Kila Jumamosi watu wanapanga foleni na mashine zao mikononi, na milima yenye theluji imeenea mji mzima.

Mara moja tu Injinia alithubutu kudai fungu lake. "Shangazi, lakini filamu si ni yangu?"

"Una risiti?"

Hakuwa nayo. Akarudi kwenye kona yake, palipo na rundo la mitihani na stepla inayobana vidole kuliko karatasi.

"Mama," mteja mmoja anasema, ameinamia kioo. "Mbona kuna nzi humu?"

"Hiyo ni alama," shangazi anajibu bila kuacha fotokopi. "Mfumo ukikuta uchafu, unaonyesha nzi. Kama huniamini muulize yule pale. Yule ni injinia."

Mteja anageuka. Injinia anatazama stepla, anatazama mlango, anamkumbuka mkewe atakayempitia jioni wakarudi pamoja nyumbani.

"Akiruka," anasema, "ujue umetoka."