Mabeseni Niliyoyakataa Yanarudi Mezani Kwangu

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za heshima kutoka meza ya ukaguzi, ile iliyo karibu na mlango wa nyuma, ambako hujafika tangu uhamie ofisi yenye feni mbili. Mimi ni mkaguzi wako. Kwa miaka ishirini na mitatu nimeshika kila beseni linalotoka mashineni, nikaligeuza, nikaligonga kwa vidole, nikalitazama kwenye mwanga, na lenye kasoro nikalipiga muhuri wa HALIFAI. Likishapigwa muhuri, safari ilikuwa moja tu: lori, kisha dampo.

Juzi lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi. Linasema kiwanda hakipeleki tena taka dampo, kwa hiyo tujipongeze, na kwamba meza ya ukaguzi itafungwa mwisho wa mwezi kwa kukosa kazi. Siandiki kwa ajili ya meza. Meza ni mbao. Naandika kwa ajili ya haki, na malalamiko yangu ni haya.

1. Chanzo cha yote ni fundi wa mashine, ambaye kwa bahati mbaya ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsemea akapata kazi. Nilimleta afunge nati, yeye akaanza kuuliza maswali. Akauliza kwa nini kila asubuhi tunatupa mabeseni arobaini ya kwanza. Nikamjibu kiungwana kwamba ndivyo tunavyofanya, jibu ambalo fundi aliyemtangulia aliishi nalo miaka kumi na minne bila kuumwa hata kichwa. Mpwa wangu akaipasha moto kalibu, lile umbo la chuma linalofinyanga beseni, nusu saa kabla ya zamu, na beseni la kwanza likatoka zima. Kisha akaniita Mjomba mbele ya watu.

2. Hakutosheka. Akakushawishi ununue mashine ya kusaga, nawe ukaizindua kwa kukata utepe wa plastiki, ambao nao ukasagwa hapo hapo. Sasa beseni nililolikataa halifiki hata getini. Linasagwa chenga, linachanganywa na plastiki mpya, linayeyushwa, na linarudi mezani kwangu liking'aa, halina haya wala halijui vibaya. Jumanne nilikataa beseni la bluu lenye ufa kitakoni. Jumatano nikalipitisha. Najua ni lile lile kwa sababu wiki hiyo hatukuwa na bluu nyingine. Naomba unieleze kwa maandishi, siku ipi kati ya hizo mbili nilikuwa mjinga.

3. Zamani nikinyanyua muhuri, chumba kizima kilinyamaza. Siku hizi nikikataa beseni, watu wanasema halina neno, litasagwa, kisha wanaendelea na mazungumzo yao ya mpira. Yule mama wa zamu ya asubuhi, aliyekuwa akinipa shikamoo hadi goti linagusa sakafu, sasa ananisalimia huku anatafuna.

4. Nilijaribu kurekebisha hali kwa busara zangu, na hili nalikiri kwa kuwa sina cha kuficha. Nilianza kukataa mabeseni mazima. Mawili asubuhi, matatu baada ya chakula, kwa makosa kama vile kung'aa kupita kiasi, na moja kwa sababu sikupenda linavyonitazama. Mpwa wangu hakubishana nami. Aliandika kila moja ubaoni pamoja na sababu niliyotoa, kwa mwandiko mzuri wa shule, watu wakawa wanapita wakisoma. Sijapata kuvunjiwa heshima hivyo na mtu niliyembeba mgongoni.

5. Jumapili nilikwenda dampo kujionea mwenyewe. Kule kuna mlima, Ndugu Meneja, na mlima ule ni kazi yangu. Wenzangu wa rika langu wamejenga nyumba, mimi nimejenga ule. Nimekuta umeota nyasi, na mbuzi wamesimama juu yake wanacheua. Nilikaa chini nikasikia uchungu, na siwezi kusema ulikuwa uchungu wa nini hasa.

Kwa hiyo naomba mashine ya kusaga izimwe, kila zamu itoe mabeseni mabovu yasiyopungua arobaini, na fundi arudi kwenye nati zake. Zaidi ya yote naomba iwekwe kanuni kwamba kilichokataliwa kimekataliwa. Kiende kikafukiwe. Tukianza kukiuliza kila kilichochakaa kama bado kinafaa kwa shughuli nyingine, hatutamaliza, na kiwanda kitageuka nyumba ya kulea wazee.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa getini, wapishi wa kantini wote, na mama wa zamu ya asubuhi akishameza. Mashine ya kusaga siisalimii.

Wako mtiifu, hadi mwisho wa mwezi,

Mkaguzi.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha nilipoletewa barua yako kwamba meza ikifungwa, nami niende nyumbani. Nimeifungua tena. Ndugu Meneja, nimejikagua. Goti la kushoto lina ufa, macho yanataka miwani, na mdomo umezidi kipimo. Kwingine kote ni mzima. Mpwa wangu anasema kwenye mashine ya kusaga anahitajika mtu wa kuchambua rangi na kutoa uchafu, mtu mwenye jicho, na amesema hamtaki mwingine ila mimi. Sikulala kwenye kazi hii hata siku moja. Nakuomba sana usinitupe. Naweza kuanza Jumatatu.