Posa mbele ya mwanafunzi wangu

Marafiki zangu wa Bogoro, leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Mnajua kwamba ninafundisha akina mama kusoma hapa mtaa wa Lumumba. Hivi karibuni nikaongeza somo la kukataa maneno matamu ya wachuuzi. Linafunzwa kwa kujaribu: mimi ninajifanya muuza vikwembe, yaani vitenge, mama ananijibu. Nikimsifu, aniulize ninataka nini. Nikimharakisha, aende polepole. Anayejibu vema ninampongeza papo hapo, ili apate moyo. Anayewashinda wote ni Mama Furaha.

Binti yake, Furaha, ndiye ninayetaka kumwoa. (Naam. Sikufikiri mbali.)

Basi leo nikaenda kuposa, nimevaa abakosti ya kuazima, ile suti ya heshima. Msemaji wangu alikuwa baba mdogo, anayeuza nguo kuukuu sokoni na harudi nyumbani na mzigo uliobaki. Mama Furaha akatupa viti na chai.

Baba mdogo akasifu ua, akasifu chai, akasifu ukoo mzima. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Aksanti, baba. Sasa munatafuta nini?"

"Muzuri sana, mama," nikasema.

Lilinitoka lenyewe! Baba mdogo akanikanyaga mguu, akaendelea: kijana huyu anatafutwa, kuna familia ya Kpandroma inangoja jibu leo hii.

"Basi muende kwanza kule. Siye hatuna haraka."

Nikaitikia kwa kichwa, nikitabasamu. (Jibu lilikuwa safi, mngefanya nini?)

Nikaona mke ananiponyoka, nikaingia mwenyewe kwa sauti ya chini: mama, unanijua, sisi ni kama ndugu, utanikataaje?

Akanitazama kama mtu anayengoja kusahihishiwa.

"Mulimu, hii iko ile ya kujifanya ndugu. Weye mwenyewe ulitufundisha. Kama uko ndugu, utangoja. Haiko vile?"

Nyuma ya pazia Furaha alikuwa anacheka. Baba mdogo alinikazia macho, akiniomba ninyamaze.

"Iko vile kabisa, mama," nikasema. "Tumupigie makofi."

Nikapiga. Peke yangu.

Mama Furaha amesema nirudi baada ya mavuno, bila baba mdogo.

Tafadhali msicheke. Kesho jioni nina darasa, na Mama Furaha hukaa benchi la mbele.