Malalamiko Dhidi ya Wadudu wa Pangoni Wanaonilia Mali

Ndugu Msimamizi wa Mapango,

Kwanza pole na kazi. Najua meza yako imejaa barua za watu wanaolalamikia ngazi zinazoteleza na taa zinazozimika zenyewe, nami sipendi kukuongezea mzigo. Lakini maji yamenifika shingoni.

Mimi ndiye yule uliyempa kibali cha kuzoa kinyesi cha popo katika pango kubwa na kukiuza kama mbolea. Mtaani wananiita Bwana Samadi, jina ambalo mke wangu halipendi ila amelizoea. Zamani nilikuwa fundi viatu. Tunaishi kwa mama mkwe, na mama mkwe si mtu wa maneno mengi: bustani yake ya mboga ikistawi kwa mbolea yangu, chumba cha nyuma kitakuwa ghala langu, isipostawi, nirudi kwenye sindano na gundi. Kwa hiyo ukiona nawaandama wadudu usidhani nimekosa kazi. Naipigania kazi yenyewe.

Washtakiwa ni wadudu wote waishio humo pangoni. Makosa yao ni haya:

1. Wizi wa mchana kweupe, ingawa mle ndani hakuna mchana wala weupe. Popo wakishadondosha mali yangu, mende, mabuu ya nzi na vidudu vingine ambavyo hata majina yao siyajui huifikia kabla yangu. Wanaila, wanaichambua, wanaigeuzageuza, na wanachoniachia ni vumbi jeusi lisilo hata na harufu ya kujivunia. Hilo ndilo nimekuwa nikiwauzia wateja, kwa aibu, kama mtu anayeuza makombo. Wateja kwa wema wao wanalisifu na kurudi na magunia mengine. Mimi nina kibali chenye mhuri; wao sijawaona na karatasi yoyote.

2. Nyenje. Hawa wanaingia na kutoka wapendavyo. Jioni wanakwenda kula huko nje, alfajiri wanarudi wameshiba, wanapita mbele ya shemeji yangu, ambaye ndiye mlinzi wa mlangoni, bila tiketi. Wakishaingia wanajisaidia, tena juu ya mali yangu. Magunia yangu nimeyaandika kwa rangi nyekundu: "Kinyesi Halisi cha Popo". Sasa mteja nimwambie nini? Kwamba humo mna mchango wa nyenje? Huku ni kuchakachua bidhaa.

3. Kuharibu ushahidi. Kuna popo alikufa, nikamwona chini, nikasema nitamzika nikipata nafasi. Nilipokuja kuipata nafasi nilikuta mifupa mitupu, misafi, kama vyombo vilivyokwishaoshwa. Hakuna harufu, hakuna inzi, hakuna matanga. Pango lina popo wasiohesabika, wanazaliwa na kufa humo, na halinuki maiti. Wewe kama kiongozi jambo hilo halikutii shaka?

4. Kujifanya wanyonge. Baadhi yao hawana macho kabisa. Nimewamulika tochi usoni, hawakushtuka. Shemeji anawaonea huruma. Huruma hata mimi ninayo, lakini asiye na macho akimtangulia mwenye tochi kwenye kinyesi, kila mara, hapo pana hila.

5. Hili ndilo zito. Nimegundua hawako peke yao. Buibui wanawala mende walioshiba kinyesi changu. Samaki wa kile kijito cha ndani wanakaa midomo wazi wakingoja mdudu ateleze. Yaani humo kila mtu anaishi kwa jasho langu, hata wasionijua. Ndugu Msimamizi, huu si udokozi wa mmojammoja, ni mtandao, na umejikita ndani ya pango la serikali.

6. Kuvunja undugu. Nilipomwomba shemeji awafukuze, alicheka, akasema, "Shemeji, hao ndio wenyeji. Mimi na wewe ni wageni tu humu." Nikamuuliza ni mwenyeji gani asiyelipa maji wala taa. Akaendelea kumenya karanga zake.

Kwa hayo, naomba ofisi yako iwaondoe wadudu wote kwa amri ya maandishi. Kama haiwezekani, popo waelekezwe kujisaidia ndani ya magunia moja kwa moja.

Usione nimekaa nikikungoja tu. Nimeshatandika turubai la nailoni chini ya popo na kupiga dawa kando yake, asipite wa mbele wala wa nyuma. Tangu hapo mali inaanguka mbichi, haijaguswa, kali hadi machozi yananitoka ninapoizoa. Magunia ya kwanza sikuyauza. Nilimpelekea mama mkwe, nikayamwaga kwa mkono wangu kwenye kila tuta. Aliziba pua na khanga, akauliza, "Mwanangu, mbona hii inawasha macho?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo nguvu yake.

Nisalimie karani wako, dereva, na yule mama wa usafi aliyenipa kiti siku nilipofuata kibali. Mungu awajalie afya njema nyote.

Ni mimi, mwenye mali inayoliwa,
Bwana Samadi

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshabandikwa stempu, ndiyo maana siichani.

Mboga za mama mkwe zimeungua zote. Majani yamekauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama mkwe alizunguka matuta taratibu, akasema, "Baba, mboga huwa napika mwenyewe," akaingia ndani. Tangu hapo sanduku langu la sindano limekaa mezani. Sikuliweka mimi. Nimepata aibu ambayo siwezi kuieleza kwenye barua ya ofisi.

Wateja wa zamani wanaulizia lile vumbi jeusi. Hawataki lingine. Nami sijui kulitengeneza, kwa kuwa sikuwahi kulitengeneza.

Kwa hiyo naomba makosa namba moja hadi tano yasomwe kama barua ya kuwaombea wadudu kazi. La sita ni langu na shemeji, nimeshamtaka radhi. Turubai nimelitoa, sakafu nimeifagia dawa yote niliyoiona. Kila alfajiri nakaa mlangoni na shemeji, ananigawia karanga, tunangoja wadudu warudi.

Leo ameingia nyenje mmoja. Nilisimama nikampisha.