Sababu Namba Saba

Inatangazwa kwa wakulima wote, kwa furaha isiyopungua, kwamba ushirika wetu hapa Newala sasa una Daftari la Sababu. Kila uamuzi uliowekwa kwenye mfumo wa kompyuta wa kugawa salfa, dawa ya mikorosho, ni lazima uandikiwe sababu, kwa wino, bila kufutwa, na mwanachama akiuliza asomewe. Agizo ni la Meneja, Baba Dorothy. Utekelezaji ni wangu, Afisa Sababu Daraja la Pili. Wa Daraja la Kwanza bado anatafutwa.

Mfumo aliutengeneza Yuster, binti mtulivu kutoka Masasi asiyejua kupamba maneno. Unaita jina kwa spika, unasubiri dakika tatu, na asiyeitika anafutwa hadi msimu ujao. Hiyo ni Sababu Namba Sita: kukomesha uzembe. Sahihi ya Meneja ipo. Huwa anasaini bila kusoma, maana kusoma ni kazi ya madaraja ya chini.

Shida, kama ni shida, ilikuja na Bi Stamili wa Makote. Mikorosho yake mia mbili ilikuwa imejaa maua, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, umeshaanza kuyashambulia. Asipopata salfa wiki hiyo, msimu umekwenda na maji. Mfumo ukamkataa. Unataka kila mkulima aandikwe Baba Fulani au Mama Fulani, na Bi Stamili hakujaliwa mtoto. Kwa nia njema kabisa nilimshauri ajaze fomu ya kuazima mtoto wa jirani. Aliniangalia mpaka nikainamia viatu vyangu. Niliona aibu, nakiri.

Kwenye mkutano mkuu akasimama.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Nataka sababu tu. Nisomee, mwanangu."

Meneja alinikonyeza. Bahati mbaya hakuna agizo linalohusu kukonyeza, nikasoma:

"Sababu Namba Saba. Nilipendekeza mkulima aandikwe kwa jina la kwanza la kwenye kitambulisho. Meneja alikataa, kwa kuwa mtunza ghala aliwahi kumwita kwa jina lake la kwanza, Cecil, mbele ya wageni kutoka Mtwara, na hakulala siku mbili. Yuster."

Chini yake, sahihi ya Meneja.

Watu walicheka mpaka waliokuwa nje wakaingia kuuliza kulikoni. Papo hapo mkutano ukapitisha jina la kwanza la kwenye kitambulisho. Sababu Namba Nane niliiandika kama Bi Stamili alivyoitamka: mkorosho hauulizi mwenye shamba kazaa wangapi.

Kesho yake asubuhi Yuster akawasha spika. Stamili aliitwa, akaitika, akapewa mifuko yake. Kisha ikafika zamu ya shamba moja la Mkunya.

"Cecil," ikasema mashine, na stendi nzima ya mabasi, ng'ambo ya barabara, ikasikia.

Meneja akajifanya anapanga karatasi. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili nayo ikapita. Wakulima walisubiri kwa adabu kubwa. Nikamfungulia Meneja daftari kwenye Sababu Namba Sita, ile ya uzembe, asije akasahau.

"Nipo," akanong'ona.

Bi Stamili alikuwa akifunga mifuko yake kwenye pikipiki. Hakugeuka.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akamwambia. "Mashine haijasikia."