Ramani Yangu ya Bahari Chafu

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vizuri! Mkuu wa kitengo, mama asiyecheka ovyo, ametuita chumba cha ramani. Bandari inataka ramani ya uchafu: wapi meli zinamwaga mafuta, wapi maji ni salama. Mimi na Mjuaji kila mtu achore yake. Atakayeshinda atakuwa msimamizi wa chumba cha ramani. Mjuaji, jirani yangu wa meza, alinyoosha mkono kabla Mkuu hajamaliza. Mimi nikanyoosha miwili.

Kwangu si suala la cheo tu. Baba mkwe nilishamwambia tangu mwaka jana kwamba msimamizi ni mimi. Na Ijumaa anakuja kuiona ofisi yangu! Mke wangu amesema nikimwaibisha mbele ya baba yake nitafute pa kulala.

Jumanne, 5 Machi

Kazi yenyewe: kwenda kwa boti hadi kwenye maboya kumi na mawili, kila boya uchote chupa moja ya maji, uibandike namba, uipeleke maabara. Boti! Mimi roho hunichafuka hata nikiona maji yakitikisika kwenye ndoo. Mjuaji katoka alfajiri na nahodha, koti la kujiokolea limefungwa hadi kidevuni.

Nimetumia akili. Chini ya ofisi yetu kuna ngazi ya mawe inayoshuka hadi majini. Nimekaa kidato cha mwisho, nikachota chupa zote palepale, nikabandika namba za maboya. Viatu vikavu. Kwani bahari si moja?

Mjuaji karudi jioni, pua imeungua na kifungua kinywa chote kimebaki baharini. Nimempa pole, tena ya dhati.

Jumatano, 6 Machi

Majibu ya maabara yametoka. Chupa zangu zote zina dizeli! Za Mjuaji safi, isipokuwa mbili za karibu na gati la meli za mizigo. Nimeipaka ramani yangu nyekundu kutoka gatini hadi mwisho wa karatasi. Rangi ya ofisi imeisha, nikamalizia na rangi ya mdomo ya mke wangu. Inang'aa! Ya Mjuaji bluu tupu na vidoa viwili. Nani atampa mtu cheo kwa vidoa viwili?

Mke wangu kauliza rangi yake iko wapi. Nimemwambia iko kazini, inaokoa bahari.

Alhamisi, 7 Machi

Mambo yalikwenda mrama. Kikaoni Mjuaji alisema, kwa upole wake ule wa kumchimbia mtu shimo, kwamba nahodha hajapata kuniona botini. Mama wa maabara akaongeza kwamba dizeli ya chupa zangu zote ni aina ileile, kiasi kilekile. Mkuu akaniuliza polepole:

"Maji haya umeyachota wapi?"

Akilini nikamwona baba mkwe akishuka kwenye basi kesho. Uongo wote ukanikimbia, na mimi uongo haunikimbiagi.

"Hapo chini, Mama. Kwenye ngazi yetu. Zote."

Mjuaji meno nje. Lakini Mkuu alikwenda dirishani, akaitazama ngazi, akamwita fundi wa mitambo, wakashuka pamoja. Kumbe tangi la jenereta letu linavuja! Letu sisi, kitengo cha kulinda bahari! Bomba limeoza, dizeli inateremka ukutani hadi majini, na miaka yote hiyo tunaziandikia meli barua za onyo.

Mkuu karudi, kasema hajapata kuona mfanyakazi mwenye ujasiri wa kuipima ofisi yake mwenyewe. Nikainamisha kichwa. Nikasema nilishuku siku nyingi. Mjuaji macho yakamtoka pima!

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Kibao kimebandikwa mlangoni: Msimamizi. Baba mkwe kaingia gundi ikiwa bado mbichi. Kakigusa, kidole kikanata. Kauliza mbona kibao cha mwaka jana hakijakauka. Nikasema ni unyevu wa bahari. Kakubali, na kwa mara ya kwanza kaniita mwanangu! Furaha niliyonayo haielezeki. Chai katuletea Mjuaji, shingo upande.

Jumatatu, 18 Machi

Bomba limezibwa, ukuta umesuguliwa. Mkuu anataka ramani ya pili, hadi kule nje meli zinakotia nanga, na kaniamini mimi peke yangu. Nahodha alinisubiri asubuhi nzima, maskini. Nimemwambia aende nyumbani akacheze na watoto wake.

Chupa nilishazijaza. Ngazi ile ina bahati yangu. Maabara wamepiga simu: hakuna tone la mafuta popote! Nimeipaka ramani yote bluu. Wakati napaka, meli moja kubwa ikapita dirishani, nyuma yake imeacha mstari mweusi mrefu majini. Nikafunga pazia, jua lilikuwa kali.

Bahari nzima nimeisafisha kwa siku kumi! Baba mkwe nimeshamwambia kwamba nimepewa nishani. Anakuja Ijumaa kuiona.